Msuli, Damu na Mzimu: Historia ya Majina ya Protini

Vitabu vya shule hupenda kueleza kwamba protini za msuli huvuta, na zile za utando wa chembe nyekundu za damu hushikilia umbo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa mgawanyo huo umetokana na majina kuliko na vitu vyenyewe.

Mwaka wa 1864 Mjerumani Wilhelm Kühne alitoa protini katika msuli wa chura, akaiita miosini, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya msuli. Mwaka wa 1942, mjini Szeged, Hungaria, Brunó Straub aliitenga aktini katika maabara ya Albert Szent-Györgyi; jina lake latokana na kuiamsha miosini. Majina yote mawili yalizaliwa nyumbani kwa msuli, ikadhaniwa hayana kwao kwingine.

Hata hivyo, mwaka wa 1962 Mjapani Tsuyoshi Ohnishi alitoa protini zinazofanana na hizo katika utando wa chembe nyekundu, chembe ambayo hubebwa tu na mkondo wa damu. Mwaka wa 1968 Marchesi na Steers wakatenga humo protini kubwa, wakaiita spektrini. Chembe iliyomwagwa hemoglobini yake, ukabaki utando mtupu, wataalamu huiita kwa lugha zao mzuka. Ndiko jina lilikotoka. (Kwetu sisi wa ziwani neno mzimu lisingefaa, kwa sababu mzimu ni mhenga na huheshimiwa. Ningependelea ganda.)

Kwa kuwa spektrini iliandamana na aktini, baadhi waliilinganisha na miosini. Ulinganisho huo haukusimama. Aktini ya damu ni ndugu halisi wa ile ya msuli, ila nyuzi zake ni fupi mno, zenye vipande kumi na kitu, ilhali za msuli zina mamia. Spektrini haivuti, hufunga nyuzi hizo kuwa wavu unaonyumbuka, na chembe hujipenyeza katika mishipa myembamba kuliko yenyewe kwa siku zipatazo 120. Mwaka wa 1988 ikaonekana kuwa distrofini, protini ya msuli ambayo kukosekana kwake huleta ugonjwa wa Duchenne, ni ya ukoo wa spektrini. Mzuka ulikuwamo msulini.

Jambo hili si la maabara za ng'ambo tu. Kimelea cha malaria, adui wa watoto wetu hapa Kalemie, hujisukuma ndani ya chembe nyekundu kwa aktini na miosini yake mwenyewe: msuli dhidi ya utando. Mwaka wa 2020 Silvia Kariuki na wenzake walichunguza damu ya watoto 42 wa Kilifi, Kenya. Katika kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo glikoforini za utando wake zimebadilika, utando hukazika zaidi, na kimelea mara nyingi hushindwa kuingia.