Mba

Mba ni ugonjwa wa ngozi ya kichwa unaojulikana kwa magamba madogo meupe yanayopukutika mabegani, pamoja na mwasho. Karibu nusu ya watu wazima duniani huupata wakati fulani. Kwa kawaida huanza wakati wa kubalehe, tezi za mafuta zinapoamka, hushika kasi ujanani, na huwasumbua wanaume kuliko wanawake. Hauambukizwi kwa kichana wala kofia. Wala si uchafu: mtu anaweza kuoga mara mbili kwa siku na bado akawa nao. Hilo lazima lisemwe wazi, kwa maana wengi wameacha kuvaa shati jeusi, au wameogopa kukaa kwenye kiti cha msusi, kwa aibu wasiyostahili.

Sehemu nyingi za Tanzania jina hilohilo hutumika pia kwa mabaka ya shingoni, kifuani na mgongoni, yaliyofifia au kuiva kuliko ngozi inayoyazunguka, ambayo ukiyakwaruza kwa ukucha hutoa ungaunga. Wengine huyaita utangotango. Hospitalini haya ni magonjwa mawili, lakini waliotumia neno moja hawakukosea sana. Yote mawili yanahusika na fangasi wa jamii moja, aina ya hamira iitwayo Malassezia. Jina hilo linamkumbuka Mfaransa Louis-Charles Malassez, aliyeeleza habari za fangasi hao mwaka 1874 baada ya kuchunguza magamba ya ngozi kwa hadubini. Kwa muda mrefu waliitwa pia Pityrosporum, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya pumba, na spishi mojawapo hadi leo inaitwa furfur, ambalo ni pumba kwa Kilatini. Aliyewahi kuchekecha unga wa mahindi anajua kile ambacho waliotoa majina hayo walikuwa wakikitazama.

Fangasi hao wanaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima. Kwa nini basi wengine wapate mba na wengine wasipate? Jibu liko kwenye mafuta. Mwaka 2007 watafiti walipochapisha ramani ya vinasaba vya Malassezia globosa, walikuta haina jeni ya kuiwezesha kujitengenezea asidi za mafuta. Inategemea yale yanayotoka kwenye vinyweleo vyetu. Humwaga vimeng'enya vya kuyavunjavunja, ikala sehemu inayoihitaji na kusaza nyingine, hasa asidi ya oleiki. Masazo hayo hupenya kwenye ngozi. Kwa mtu ambaye ngozi yake inayastahimili, hakuna kinachotokea. Kwa mwingine, ngozi hukereka na kujihami kwa kuharakisha uzalishaji wa chembe mpya. Watafiti wamewahi kupaka asidi ya oleiki kwenye vichwa vya watu wenye historia ya mba, na magamba yakatokea. Wasio na historia hiyo hawakupata.

Chembe za ngozi katika hali ya kawaida huchukua karibu mwezi mmoja kupanda juu, kukomaa na kudondoka mojamoja bila kuonekana. Zikiharakishwa, hufika juu zikiwa changa na zimegandana, ndipo huanguka kwa mafungu yanayoonekana kwa macho.

Hapa ndipo desturi moja iliyoenea inapogeuka kikwazo. Mtu akiona magamba husema kichwa kimekauka, na dawa ya ukavu ni mafuta. Basi hupaka mafuta ya nazi, ya mnyonyo au ya zeituni moja kwa moja kwenye ngozi ya kichwa. Magamba hulala, mwasho hupoa kwa siku moja au mbili, kisha yote hurudi kwa nguvu. Maabara zinapotaka kuotesha fangasi hao humimina mafuta ya zeituni juu ya chakula chao, kwa kuwa bila mafuta wengi wao hawaoti. Anayepaka mafuta kwenye ngozi yenye mba anafanya jambo lilelile bila kujua. Mafuta yabaki kwenye nywele zenyewe, hasa ncha zake, ngozi ikiachwa. Ukavu wa kweli upo, kama ule wa baridi ya Juni na Julai katika nyanda za juu, lakini magamba yake ni madogo zaidi na makavu, na mara nyingi ngozi ya mikono na miguu nayo hupauka.

Nywele za Kiafrika zina mahitaji yake. Kuziosha kila siku, kama baadhi ya maandishi ya ng'ambo yanavyoshauri, huzikausha na kuzikata; mara moja kwa wiki, au kila baada ya wiki mbili, hutosha kwa wengi. Tatizo ni rasta au weaving zinazokaa wiki sita bila ngozi kuguswa na maji, huku jasho, mafuta na magamba vikijikusanya chini yake. Ngozi inaweza kuoshwa nywele zikiwa zimesukwa: shampuu huchanganywa na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, ikapitishwa katikati ya mistari, ikasuguliwa kwa ncha za vidole, ikasuuzwa vizuri na kukaushwa hadi ndani. Kubandua magamba kwa kichana kabla ya kuweka dawa ya kulainisha nywele ni kosa la hatari. Dawa ile hukuta michubuko na kuunguza.

Mba inapokuwa kali, ikafika kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio, kwenye ndevu au katikati ya kifua, madaktari huiita dermatiti ya seborea. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwa mtu mweusi mara nyingi wekundu hauonekani. Huonekana mabaka yaliyofifia, pengine ya duara, kwenye mpaka wa nywele na paji la uso. Wengi huyadhania kuwa ni sabuni imewakataa, wakabadilisha sabuni mwaka mzima.

Dawa zake ni shampuu zenye kiambata cha kupunguza fangasi. Zinki pirithioni iliingia madukani Marekani mwaka 1961 ndani ya Head & Shoulders; Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye vipodozi kuanzia Machi 2022, ingawa kwingine bado inauzwa. Seleniamu salfaidi ni ya zamani zaidi, nayo inaweza kubadilisha rangi ya nywele zilizopakwa rangi. Ketokonazoli ya asilimia 2 ndiyo ambayo madaktari huiandika mara nyingi. Yoyote kati ya hizo ipakwe kwenye ngozi, si kwenye nywele tu, na iachwe dakika 5 kabla ya kusuuzwa. Watu wengi wanaosema dawa haikuwasaidia waliisuuza papo hapo. Kwa mba ya kawaida ketokonazoli hutumika mara mbili kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4, kisha mara moja kwa wiki au kila wiki mbili ili isirudi. Wenye nywele kavu zinazokatika wanaweza kuanza na mara moja kwa wiki. Itarudi ikiachwa kabisa, kwa sababu fangasi hawaondoki moja kwa moja kwenye ngozi. Vidonge vya ketokonazoli ni habari nyingine: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visitishwe kwa magonjwa ya fangasi kwa kuwa vinadhuru ini, na havifai kununuliwa kiholela kwa ajili ya mba. Krimu kali za steroidi nazo hupoza haraka, lakini zikitumika ovyo hukondesha ngozi na kuwaficha fangasi. Ndimu ikipakwa huchoma ngozi iliyochubuka, na juisi yake ikipigwa na jua inaweza kuacha malengelenge na madoa meusi.

Kwa watoto, umri husaidia kutofautisha. Mtoto mchanga wa wiki chache anaweza kuwa na ukoko wa njano utosini. Haumwumizi, na kwa kawaida huisha wenyewe kabla hajatimiza mwaka. Ulainishwe kwa vaselini, usuguliwe taratibu kwa brashi laini na kuoshwa. Mtoto wa shule ya msingi mwenye magamba na vipara ambamo nywele zimekatika hana mba bali mapunye, yanayoambukizwa kwa mashine za kunyolea, vichana na kofia. Shampuu na krimu hazifiki ndani ya unywele. Anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, na mashine ya kinyozi isafishwe kwa dawa kabla ya kichwa kingine.

Mba peke yake si dalili ya VVU. Hata hivyo, dermatiti ya seborea iliyolipuka ghafla na kuenea usoni na kifuani ni sababu nzuri ya kupima, kwani Shirika la Afya Duniani limeiweka katika hatua ya pili ya VVU, na hali ya ngozi mara nyingi hutulia mgonjwa anapoanza dawa. Wenye ugonjwa wa Parkinson pia huipata kuliko wengine.

Kama shampuu imetumika ipasavyo kwa mwezi mmoja bila nafuu, au nywele zinadondoka, au kuna usaha, ni wakati wa kwenda hospitali. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikiwafundisha matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu miaka ya 1990. Tabibu wa ngozi hatatazama kichwa peke yake. Ataangalia viwiko na magoti, kwani magamba mazito yenye rangi ya fedha yakiwa hapo huashiria soriasisi. Akiwa na shaka atakwangua magamba na kung'oa nywele chache, aziweke kwenye kioo na kutazama kwa hadubini: fangasi wa mapunye hukutwa wamekaa ndani ya unywele wenyewe au wameuzingira, na wale wa Malassezia huonekana kama vichipukizi vya duara vilivyotawanyika katikati ya pumba.