Reli ya mfano kwenye rafu: Sentimita moja yaweza kukwamisha mchezo

WENGI wanaposikia habari za treni ndogo za mfano, hufikiria chumba kizima chenye reli inayozunguka. Mkazi wa nyumba ya vyumba viwili hukata tamaa kabla hajaanza.

Hata hivyo, rafu yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 30 inatosha, ilimradi mtengenezaji akubali kwamba treni yake haitasafiri, bali itafanya kazi ya kupanga mabehewa.

Mpangilio mashuhuri wa aina hiyo ni Inglenook Sidings, uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright. Alichukua mfano wa njia za kando za Kilham, kwenye reli iliyokuwa ikiunganisha Alnwick na Cornhill, kaskazini mashariki mwa Uingereza.

Mpangilio huo una njia panda mbili tu, yaani mahali reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Hizo huzaa njia tatu za kando: moja ya mabehewa matano, na mbili za mabehewa matatu kila moja. Upande wa pili kuna njia ya kuvutia, yenye nafasi ya kichwa cha treni na mabehewa matatu, si zaidi.

Mabehewa ni 8. Matano huchaguliwa kwa kura, kisha hupangwa katika njia ndefu kwa mfuatano uleule wa kura. Ipo mifuatano 6,720, na yote hufikika. Mmarekani John Allen, ambaye mpangilio wake wa Timesaver ulichapishwa mwaka 1972, alihitaji njia panda tano.

Siri ya mchezo wa Wright ni ufinyu. Njia ya kuvutia ikirefushwa kwa nafasi ya behewa moja, kazi hurahisika na ladha hupungua. Ikipungua sentimita moja, gurudumu la mwisho hubaki juu ya njia panda, ambayo haiwezi tena kugeuzwa, na mchezo hukwama. Kwa kuwa rafu huishia ukutani, dawa ni kung'oa reli na kuanza upya.

Kwa sababu hiyo, mabehewa hununuliwa kwanza, reli baadaye. Katika kipimo cha 1:76, kinachotumika sana Uingereza, behewa fupi la magurudumu manne, pamoja na ndoano zake, huchukua takriban sentimita 8. Matano yahitaji sentimita 40, na matatu 24. Kichwa kidogo cha sentimita 13 huifanya njia ya kuvutia isipungue sentimita 37.

Kosa jingine la kawaida ni kupima njia ya kando kuanzia pale reli zinapoachana. Hapo mabehewa ya njia mbili jirani bado hugongana. Kipimo halali huanzia pale yanapoweza kupishana bila kugusana.

Nyuma ya reli hutosha majengo membamba yaliyobandikwa ukutani, na ukingo wa mbele huwekewa ubao mdogo wa kuzuia mabehewa yasianguke.

Kabla ya kupigilia msumari wa kwanza, ni busara kuchora mpangilio kwa ukubwa halisi kwenye karatasi na kusukuma mabehewa juu yake kwa mkono. Kosa lililoonekana kwenye karatasi hufutwa kwa raba.