John Garand na Bunduki ya Kujishindilia

Watu wasomapo habari za vita hupenda kusoma juu ya majemadari na mapigano yao. Ni mara chache wanapokumbuka kwamba nyuma ya kila jeshi iko karakana, na ndani ya karakana wamo mafundi ambao taabu zao hazisimuliwi sana. Insha hii ni habari ya fundi mmoja wa namna hiyo, John Garand, na ya shida iliyomshughulisha kwa muda wa miaka kumi na saba: namna ya kuifanya bunduki ijishindilie yenyewe bila ya kuvunjwa na nguvu ya baruti yake.

Shida hiyo ina asili yake Ufaransa. Mwaka wa 1884 mwanakemia Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi mwingi, yenye nguvu kuishinda baruti nyeusi iliyotumika tangu zamani. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa lilipata bunduki ya Lebel, iliyotengenezwa kwa ajili ya baruti hiyo, na mataifa mengine yakafuata upesi. Marekani nayo ilichagua risasi yake mwaka wa 1906, yenye kipenyo cha milimeta 7.62. Risasi hiyo ilipopigwa, gesi iliyokuwa nyuma yake ilisukuma kwa nguvu ipatayo tani tatu na nusu juu ya kila sentimeta moja ya mraba. Gurudumu la motokaa hujazwa hewa yenye nguvu ya kilo mbili hivi juu ya eneo kama hilo. Tofauti yake ni kubwa mno.

Katika bunduki ya kuvutwa kwa mkono, jambo hili halikuleta matata makubwa. Komeo nene la chuma huziba nyuma ya kasiba, na askari hulifungua baadaye, nguvu ya gesi ikiwa imekwisha. Bali bunduki ya kujishindilia yataka nguvu ileile ya baruti ilifungue komeo, ilitupe nje ganda tupu, na kuiwezesha risasi nyingine kuingia. Komeo likifunguka mapema, ganda huweza kupasuka na gesi ikamrukia mpigaji usoni. Nguvu ikipungua, mtambo hukwama. Na muda wa risasi kupita ndani ya kasiba ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde! Jenerali Manuel Mondragón wa Meksiko alitangulia kujaribu, na bunduki yake ikapokewa na jeshi la nchi yake mwaka wa 1908. Lakini ilisumbua ilipotiwa risasi zisizotengenezwa vema.

John Garand alizaliwa Kanada mwaka wa 1888, akahamia Marekani akali mtoto, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo. Huko ndiko alikopendezwa na mashine. Mwaka wa 1919 aliingia katika karakana ya silaha ya serikali mjini Springfield. Bunduki yake ya kwanza iliendeshwa na fataki, yaani kile kikombe kidogo kilicho kitakoni mwa ganda. Baruti ilipowaka, fataki ilirudi nyuma kidogo ikausukuma mtambo. Lakini katika miaka ya 1920 jeshi lilibadili baruti yake, na fataki zikaanza kubanwa imara ndani ya ganda. Basi kazi ya miaka mingi ikapotea, wala si kwa kosa la fundi. Ikampasa Garand aanze upya.

Wakati huo alikuwapo mshindani wake, John Pedersen, aliyekuwa fundi mwenye sifa. Pedersen alisema kwamba risasi yenyewe ipunguzwe, iwe ya milimeta 7. Maana risasi ndogo ingemfaa askari: bunduki ingekuwa nyepesi, na pigo la begani lingepungua. Bunduki ya Pedersen, hata hivyo, ilianza kufunguka gesi ikiwa bado na nguvu, na ganda likang'ang'ania kuta za kasiba. Ili ganda liteleze, ilibidi kila risasi ipakwe nta. Haraka haraka haina baraka. Kwa mtambo nao mithali hiyo ni kweli.

Garand alitengeneza bunduki mbili, moja kwa risasi ndogo na moja kwa risasi kubwa. Katika majaribio ya mwaka wa 1931, komeo la ile ya risasi kubwa lilipata ufa. Baraza lililosimamia majaribio likaipendelea ile ndogo, iliyochukua risasi kumi. Lakini mwaka wa 1932 Jenerali Douglas MacArthur, mkuu wa jeshi, alikataa. Maghala yalikuwa na akiba kubwa ya risasi za zamani, na bunduki za rashasha zilitumia risasi hizohizo; tena nchi ilikuwa katika shida kubwa ya fedha. Kwa hiyo fundi aliamriwa kuirudia nguvu ileile iliyokwisha kulipasua komeo lake.

Garand hakutegemea unene wa chuma tu. Alichukua gesi mbele kabisa, karibu na mdomo wa kasiba, ambapo nguvu yake imekwisha kupungua sana. Gesi hiyo iliisukuma fimbo ndefu ya chuma kwenda nyuma. Fimbo ilitembea kidogo kwanza bila ya kuligusa komeo, ndipo ikalizungusha na kulifungua. Kwa muda huo mfupi wa kungoja risasi ilikuwa imekwisha kutoka, na ganda limeachana na kuta. Bunduki hiyo ilipokewa mwaka wa 1936 kwa jina la M1, ikichukua risasi nane. Hata hivyo ilitaka baruti iliyoipasa. Ikitiwa baruti iwakayo polepole mno, gesi hufika mbele ikiwa na nguvu nyingi kuliko ilivyotazamiwa, na fimbo huweza kupinda.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, askari wa miguu wa Marekani walikuwa na bunduki ya kujishindilia, hali wengi wa askari wa mataifa mengine walivuta komeo kwa mkono baada ya kila risasi. Ndivyo walivyofanya wazee wetu wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka wa 1944 wakiwa na bunduki za Lee-Enfield. Bunduki za M1 zilizotengenezwa zilizidi milioni tano.

Garand alikuwa ameikabidhi serikali haki ya uvumbuzi wake, asipate malipo ya kila bunduki. Shauri la kumpa tuzo ya dola 100,000 lilipelekwa bungeni, lakini halikupitishwa. Alifariki mwaka wa 1974.

Hatuwezi kusahau kwamba kazi ya chombo hiki ilikuwa kuua watu, wala haifai tukisifu bila ya kufikiri. Lakini twajifunza kwamba uvumbuzi hauamuliwi na akili ya fundi peke yake. Akiba ya maghala, uhaba wa fedha na neno la mkubwa mmoja viliamua umbo la bunduki hiyo sawa na chuma na baruti. Mwanafunzi asomaye habari za chombo chochote, kiwe cha vita au cha amani, na aulize ni nani aliyekibuni. Kisha aulize ni nani aliyeamua kiwe hivyo, na kwa sababu gani.