Bibb, Henry

Henry Bibb (1815–1854) alikuwa mpinga utumwa na mhariri wa gazeti, aliyezaliwa mtumwa huko Kentucky, Marekani. Alitoroka mara kadhaa, akakamatwa na kuuzwa tena, hadi alipofika Detroit na kuanza kuhutubia mikutano. Tawasifu yake ilitoka New York mwaka 1849.

Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850 iliwatia hatarini hata waliokwisha kujikomboa, naye akahamia Kanada na mkewe Mary, mwalimu. Tarehe 1 Januari 1851, mjini Sandwich, alianzisha *Voice of the Fugitive*. Gazeti hilo liliwapasha wakimbizi habari za wenzao waliowasili, likawahimiza kusoma, kulima na kumiliki ardhi. Ukurasa wake wenye uzito kuliko zote, bila shaka, ni ule wa 1852: ndugu watatu wa Bibb walitoroka wakamfikia, naye akawahoji na kuchapisha simulizi zao.

Mary Ann Shadd, mpinga utumwa mwenzake, alimpinga vikali kuhusu ukusanyaji wa michango kwa ajili ya wakimbizi na shule zilizotengwa kwa Weusi, kisha mwaka 1853 akaanzisha gazeti lake, *Provincial Freeman*. Mwaka huohuo moto uliteketeza ofisi ya Bibb. Alifariki tarehe 1 Agosti 1854.