Nani hupanga nauli ya Nyeri?

Uzi wa leo ni wa nauli. Msimu wa kampeni ukifika Karatina, Nanyuki au hapa kwetu Nyeri, lazima mtu apande juu ya gari aseme biashara ya matatu iachwe huru. Anayemfuata anaahidi kushusha nauli. Mimi nasomea siasa, na nikiwasikia huwa najiuliza: huru tangu lini?

Tuanze na reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 njia ya Thika, Sagana na Karatina ilikuwa imefika Nanyuki. Lakini steshini ya Nyeri iko Kiganjo, si mjini, kwa hivyo gari la barabarani lilikuwa na nafasi ya wazi. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ikaleta sheria ya leseni za uchukuzi, na sababu moja kubwa ilikuwa kuikinga reli na ushindani wa malori na mabasi.

Kule Nairobi nako, mabasi ya KBS yalikuwa barabarani tangu 1934. Mwaka 1966 kampuni ikapewa haki ya kubeba abiria peke yake, na baraza la jiji likapata asilimia 25 ya hisa. Mwenye kutoa kibali ndiye mwenye hisa! Matatu zilikuwepo, ila kwa wizi. Inasemekana hata jina lilitokana na nauli yenyewe, mapeni matatu ya senti kumi.

Mwaka 1973 rais wa wakati huo akatoa amri: matatu zibebe abiria bila ile leseni. Mtu mwenye gari moja akawa mfanyabiashara halali. Dereva na makanga wakapata kazi, ingawa bila mkataba: unapeleka hesabu ya tajiri jioni, kinachobaki ndicho chako. Abiria akapata gari la bei nafuu, na kubanwa kama gunia. Sheria ya 1984 ndiyo iliyorudisha leseni na ukaguzi.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Kuanzia 2011 kila matatu ilitakiwa iwe ndani ya sacco au kampuni, na kanuni za 2014 zikasema magari yasipungue 30. Lengo lilikuwa nidhamu, na mimi naliunga mkono. Mwenye gari moja hakuwa na pa kukimbilia magenge yakimtoza pesa steji. Lakini Agosti hiyo hiyo ya 2011 Sheria ya Ushindani ilianza kutumika, na inakataza washindani kukubaliana bei. Hebu fikiria: matajiri 30, kila mmoja na gari lake, nauli moja. Wauza viazi 30 wa soko la Karatina wakifanya hivyo tutaita njama. Steji tunaita utaratibu. Sheria inaruhusu kuomba kusamehewa katazo hilo kwa sababu maalum, lakini mjadala huo sijausikia jukwaani hata siku moja. Na makanga? Wengi bado hulipwa kwa siku.

Marekani walienda njia ya pili. Januari 2024 mahakama, kwa ombi la serikali, ilizuia JetBlue kuinunua Spirit, shirika la ndege la nauli ya chini. Abiria akalindwa. Novemba mwaka huo huo Spirit ikaomba kinga ya kufilisika, na wafanyakazi wakabaki roho mkononi. Wao walikataza wawili kuungana. Sisi tuliwaamuru wadogo waungane. Hakuna upande ambao serikali ilikaa kando.

Treni ya abiria ilirudi Nanyuki Desemba 2020, kwa hivyo yule mshindani wa zamani yuko tena. Wakija kuomba kura, waulizeni hivi: mwenye gari moja ndani ya sacco akitaka kutoza shilingi hamsini chini ya wenzake, anaruhusiwa? Na akitoza, nani atamlinda pale steji?