Kuzamia

Nilipokuwa mtoto pale Musoma, neno kuzamia lilikuwa na maana mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kaka zetu wa mjini: unajificha melini, unaibukia Afrika Kusini bila pasi. Ya pili ilikuwa yetu sisi watoto wa Mwigobero: unajirusha kutoka kwenye jiwe, unagusa chini, unaibuka na kokoto mkononi kama ushahidi. Mama alinichapa sana, akiogopa kichocho. Kesho yake nilirudi.

Jambo moja hatukuambiwa shuleni. Mwaka 1954 lilifunguliwa bwawa la Owen Falls kule Jinja, Uganda, na tangu hapo maji yanayotoka Ziwa Victoria kwenda Nile yanapita kwenye milango ya binadamu. Kumbe tulikuwa tunachezea bwawa! Lakini mtungi wa hewa hatukuwahi kuuona. Watalii wanaozamia kwa starehe huenda Pemba na Mafia, kwenye maji maangavu. Maji yetu ni ya kijani, nani aje?

Halafu ikaja tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba ikapinduka karibu na Mwanza. Ilielea kichwa chini, watu wakigonga kutoka ndani. Ikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa inaielea­sha ikatoka, meli ikazama. Inakadiriwa walikufa zaidi ya watu 800. Kuifuata miili huko chini wakaja wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini. Sisi tulikuwa tumewapelekea wazamiaji wa aina yetu, wao wakatuletea wa aina yao. Nilicheka, kisha nikaona aibu.

Tarehe 20 Septemba 2018 msiba ukarudi, safari hii Ukara, katika visiwa vya Ukerewe vilivyo ng'ambo ya Bunda. Kivuko kilichopinduka kilibeba jina la mzee wetu wa Butiama: MV Nyerere. Walikufa zaidi ya 220. Lakini siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mitambo mmoja, yu hai, kwenye hewa iliyobaki ndani.

Ndugu msomaji, mtu yule mmoja ndiye hoja yangu. Mchezo wa Jumapili ndio unaomwandaa mwokoaji wa Jumatatu. Watoto wa Mwigobero wanajua kuibuka na kokoto. Wafundishwe kushuka na mtungi.