Udongo Mwekundu wa Uluguru: Wakulima Walisema Nini Kabla ya 1955?

Siku hizi ni nadra kukuta andiko la mradi wa mazingira vijijini lisilotaja ushirikishwaji. Mkutano huitishwa, mahudhurio husainiwa, na muhtasari hueleza kwamba wananchi walitoa maoni. Hilo neno maoni ndilo linalonikera. Mkulima anayesema mahindi hayastawi kwenye udongo uliofukuliwa hatoi maoni. Anatoa taarifa, na taarifa hupimwa.

Mfano wangu ni wa zamani, nao nimeuchagua kwa sababu umesomwa vibaya kutoka pande mbili. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwalazimisha Waluguru, wakulima wa milima ya Uluguru karibu na Morogoro, kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko na kulinda vyanzo vya mto Ruvu. Julai 1955, huko Matombo, mgogoro uliishia kwa risasi za polisi na kifo cha mtu mmoja. Mpango ukaachwa.

Maafisa walisema chanzo ni ujinga na uchochezi. Wanahistoria wa utaifa walilipokea neno uchochezi, wakalisafisha, wakaliita mwamko. Kwa wote wawili Mluguru anazungumza juu ya serikali. Hakuna anayemsikia akizungumza juu ya shamba. Mtafiti Pamela Maack, katika makala yake ya 1996 kuhusu upinzani huo, anakaribia zaidi: amesikiliza habari za kazi ya shuruti na hofu ya kupoteza haki za ardhi. Lakini hata kwake udongo umekaa pembeni.

Tuuweke katikati. Kwenye miteremko mingi ya Uluguru tabaka jeusi la juu ni jembamba. Ili kupata ngazi, mchimbaji hukata upande wa mlimani na kuitupa ile rutuba upande wa bondeni. Ukingo wa nje hubaki na kifusi kinono. Nyuma yake, pale mwenye shamba anapotakiwa kupanda, jembe linagonga udongo mwekundu ambao haujawahi kulisha mmea. Huhitaji maabara kuliona hilo, unahitaji msimu mmoja. Mtafiti P. H. Temple, alipochambua sera za hifadhi ya udongo na maji za Uluguru mwaka 1972, alizikuta na kasoro za kitaalamu. Miaka kumi na saba baada ya risasi!

Anayeshikilia kwamba Waluguru walikataa matuta kwa sababu tu yaliletwa na Mzungu ana deni la kuieleza Mgeta. Huko, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, wakulima walikuwa na matuta ya mboga, kwenye maji ya mifereji na soko la uhakika. Jasho lililipwa. Basi ubishi haukuwa juu ya tuta lenyewe, ulikuwa juu ya tuta gani, wapi, kwa zao lipi.

Nitaambiwa kwamba hatari ilikuwa ya kweli. Ndiyo. Dhoruba ya Februari 1970 ilileta Mgeta maporomoko zaidi ya 1,000, na yaliyoanzia msituni hayakufika asilimia moja. Lakini takwimu hiyo inautetea mti, haiitetei ngazi. Poromoko la aina hiyo hutokana na mlima kushiba maji, na ngazi bapa kazi yake ni kuyafanya maji yatulie na kuzama. Sidai kwamba kila mkulima aliueleza utaratibu huo hivyo. Nadai kwamba pingamizi lake lilistahili kipimo kabla ya amri.

Wapo pia wanaokumbusha kwamba kauli za wazee zilificha maslahi, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya ukoo, na aliyetumia nguvu zake kuchimba tuta la kudumu angeweza kesho kudai kuwa shamba ni lake. Huenda. Bwana shamba naye alikuwa na yake: tuta mkaguzi huliona akiwa barabarani, rutuba haionekani mpaka uiname.